Siku Tuliyojaribu Inveta Mbele ya Shemeji

Chai yangu ilipoa mezani bila kuguswa. Tangu kupambazuka nilikuwa naingia kile chumba, natoka, naingia tena, kama mtu aliyeletewa mtamba jana jioni na haamini kwamba kweli amelala zizini kwake. Inveta ilikuwa pale pale ukutani. Nyeupe, pana kama sinia, taa zake ndogo za mbele bado zimefunikwa na nailoni ya dukani. Chini yake, juu ya benchi la mbao, betri imekaa kimya, nyaya mbili nene zinapanda ukutani, nyekundu na nyeusi. Fundi aliifunga jana yake, na jua lilipozama akasema yeye hajaribu kitu gizani, atarudi tuijaribu mchana kweupe.

Kwa asiyeijua, inveta ni sanduku linalochukua moto wa betri na kuugeuza uwe umeme wa nyumbani. Ndani yake mna chaja. Umeme wa nguzo ukiwepo, chaja inaijaza betri. Umeme wa nguzo ukikatika, betri inashika kazi na nyumba haijui kilichotokea. Ndivyo fundi alivyonieleza, na alipomaliza nikamwambia anieleze tena. Nilikuwa nimeelewa. Ilikuwa tamu tu kuisikia.

Tunakaa juu ya Karatu, upande wa Oldeani, jirani na mashamba ya zamani ya kahawa. Kazi yangu ni vifaranga. Nina mashine ya kutotolea, kabati la mbao lenye balbu za joto na feni ndogo ndani, na kina mama wananiletea mayai hata kutoka Buger, wameyapanga kwenye pumba ndani ya ndoo. Kuku akilalia mayai hakatiki. Mashine inakatika. Umeme ukienda mayai yanapoa, na kifaranga anafia ndani ya ganda akiwa ameshaota manyoya. Nimepasua mengi ya namna hiyo. Unamkuta amekunja shingo, amejiandaa kutoka.

Siku hiyo mayai yalikuwa yamefika mwisho. Ukiweka sikio kwenye mlango wa kabati unasikia sauti ndani, nyembamba, na mahali fulani ganda linagongwa. Na gari la matangazo lilikuwa limepita likisema kesho yake umeme utakatwa kutwa nzima, wanabadilisha nguzo.

Lakini si mayai yaliyonikosesha chai. Mayai ningeyalilia nikanyamaza. Kilichonikosesha chai ni mama mkwe wangu.

Mwanawe aliniacha. Yeye hakuniacha. Nilipoingia bomani kwao nikiwa binti, alinipa kondoo jike, na kwetu Wamaasai aliyekupa kondoo hamwitani tena majina. Mimi namwita Paker, yeye ananiita Paker, basi. Mumewe alipofariki na kifua kikaanza kumsumbua, wanawe walimleta hospitali Karatu. Siku ya kutoka, muuguzi akamuuliza anakwenda kwa nani. Akasema, "Kwa Paker." Wanawe wakatazamana. Alikuja na fimbo yake, redio yake na kibuyu chake cha maziwa, na hajaondoka.

Hilo liliwauma. Watu huko juu, Ngorongoro, walikuwa wanasema: tazama wale, mama yao analelewa na mke waliyemtupa. Wakawa wanatafuta sababu. Waliposikia naweka betri, sababu ikapatikana. Wakakaa kikao, wakaleta neno kwa simu: tumesikia unaingiza betri katika nyumba anayolala mama yetu. Wewe na betri tunajua historia yenu. Shemeji yako atakuja aone kwa macho yake inavyojaribiwa. Ikiwa salama, sawa. Ikileta matata yoyote, anamchukua mama siku hiyo hiyo.

Historia yetu, mimi na betri. Ngoja niiandike hapa, maana kwenye vikao vyao haijawahi kusemwa sawasawa. Nilikomea darasa la nne, kwa hiyo sitapamba. Majina siandiki. Lakini nani alifanya nini, hilo naandika.

Baridi ya Ngorongoro si ya kusimuliwa. Asubuhi nyasi zimekuwa nyeupe, ng'ombe wanatoa mvuke puani. Ndama na wanakondoo wachanga hawalali nje. Wana chumba chao ndani ya nyumba, karibu na moto, na aliye dhaifu anafunikwa blanketi. Hiyo ni akili ya wazee na haina kosa. Sasa mume wangu alinunua betri ya maji na paneli ya juu ya paa, tupate taa na kuchaji simu. Kila asubuhi ya baridi betri inaamka imechoka. Shemeji, mdogo wake mume wangu, alikuwa dereva wa magari ya watalii. Akivaa kofia yake ya kazi na kuchomeka maneno ya Kiingereza, boma zima linanyamaza. Akaitazama betri, akasema, "Hii ni kama ndama. Inakufa na baridi." Akaitoa chini ya dirisha, akaipeleka chumba cha ndama karibu na moto, akaizungushia blanketi, akaziba na tundu la hewa la ukutani. Kisha akarudi kwa watalii wake.

Betri ya maji ikichajiwa inapumua. Inatoa hewa isiyo na rangi, na hewa hiyo inapenda moto kuliko petroli. Nililijua hilo baadaye, hospitali. Asubuhi ile nilijua tu kwamba ndama mmoja amelala juu ya waya. Niliinama kumwondoa. Nikavuta blanketi, waya ukachomoka, ikaruka cheche ndogo kama ya kiberiti kilicholowa. Kilichofuata sikukisikia, nilikiona. Weupe.

Maji makali ya betri yalinikaa usoni na shingoni. Mama mkwe alikuwa ametoka kukamua. Maji hayakuwepo, mto uko mbali. Akanimiminia maziwa usoni, kibuyu baada ya kibuyu, huku amenishika nywele ili nisikimbie, mpaka boma zima likalala siku hiyo bila maziwa. Daktari alisema kinachotakiwa ni maji safi mengi, lakini mahali pasipo maji, maziwa yale ndiyo yaliyoliacha jicho la kulia. La kushoto lilikwenda.

Basi. Aliyefunika betri ni shemeji. Aliyejua akanyamaza ni mume wangu. Waliosema niliinama na kijinga cha moto mkononi ni wazee wa ukoo, na walisema hivyo nikiwa wodini, mdomo umefungwa bandeji. Mama mkwe alisema aliiona mikono yangu, ilikuwa mitupu. Hakuna aliyemuuliza mara ya pili. Nilipotoka hospitali hadithi yao ilikuwa imeshakauka kama udongo wa ukuta, na mimi nikarudishwa kwetu kama chungu kilichopasuka.

Sasa mnielewe kwa nini chai ilipoa.

Fundi alifika kwa pikipiki, begi la vyuma limening'inia kifuani. Ni mtu wa mjini Karatu, duka lake liko karibu na barabara ya lami, Mwislamu, mnene, mcheshi. Tangu siku ya kwanza alisikia mama mkwe akiniita Paker, akadhani ndilo jina langu.

"Mama Paker, umelala?"

"Nimelala macho wazi."

"Muongo," mama mkwe akasema kutoka jikoni. "Ana jicho moja na amelala nalo. Nimemsikia akikoroma."

Kisha akatoka, amejitanda shuka lake jipya, mkono mmoja kibuyu, mkono mwingine konzi ya majani mabichi. Fundi akasimama.

"Bibi, humo mna nini?"

"Maziwa. Kitu kipya hakianzi kazi kikiwa kikavu. Nitakinyunyizia kidogo tu."

"Bibi, nakuheshimu kama mama yangu mzazi. Lakini maziwa na umeme hawajawahi kuoana."

"Wewe ulipozaliwa hukubarikiwa?"

"Niliadhiniwa sikioni. Kavu kabisa."

Mama mkwe akafikiri. "Ndiyo maana umenenepa hivi, baraka haikupata pa kutokea." Tukacheka wote, hata yeye. Akaweka kibuyu dirishani, akasema, "Basi nitangoja. Kikifanya kazi nitajua mwenyewe pa kumwagia."

Tulikuwa bado tunacheka shemeji alipotokea getini. Amezeeka. Kofia ni ile ile ya udereva, imepauka, na begani amebeba blanketi zito la sufu, kwa sababu anayeshuka kutoka juu huko hasafiri bila blanketi. Alimsalimia mama yake kwa kuinamisha kichwa, naye akamgusa utosini. Kisha akanigeukia, macho yake yakatua upande wa uso wangu ulio mzima.

"Shemeji, za siku nyingi."

"Nzuri, shemeji. Karibu."

"Huogopi?"

"Naogopa. Ndiyo maana safari hii nimeita fundi, sikuita ndugu."

Aliingia chumbani, akazunguka betri kama mtu anayenunua beberu mnadani. "Huku kuna ukungu," akamwambia fundi. "Baridi itaichosha hii."

"Hii ya sasa ni ya jeli, imezibwa, si ile ya maji," fundi akasema. "Baridi ya Oldeani haiitishi. Inaogopa joto, inaogopa kubanwa. Na huyu mkubwa wa ukutani ndiyo kabisa. Unaona haya matundu ya ubavuni? Ndiyo pua zake. Iachieni dirisha wazi ipumue."

Nilimtazama shemeji wakati fundi anasema neno hilo, kupumua. Uso wake haukubadilika. Akakaa kwenye kiti karibu na mlango, blanketi mapajani, tayari kuona.

Tukaanza. Fundi alibandua nailoni. Akachukua mita yake ya kupimia, akagusisha ncha kwenye betri, akasema imeshiba kiasi cha kuanzia. Akakaza kila nati kwa mkono, akavuta kila waya kama anayejaribu kamba ya kufungia ng'ombe. Nilipenda alivyovuta. Kule bomani hakuna aliyevuta waya wowote.

"Bismillahi," akasema, akabonyeza.

Inveta ikatoa mlio mmoja mfupi. Feni yake ikazunguka kidogo, ikatulia. Taa ya kijani ikawaka. Akachomeka balbu ya mkononi, ikawaka, nyeupe, imetulia kuliko hata umeme wa nguzo. Akachomeka kabati la vifaranga. Balbu za ndani zikawaka, feni yake ikaanza kuimba.

"Sasa jaribio lenyewe," akasema. "Mtu akazime swichi kuu, tujifanye umeme umekatika. Nani?"

Shemeji akainuka. Nikamwambia, "Kaa, shemeji. Mimi."

Swichi kuu iko ukumbini. Nilipoishika, mkono wangu ulikuwa na akili yake. Ulijua kitu ambacho mimi nilikuwa nauambia usikijue. Nikageuza uso upande, nikaiwekea swichi lile jicho lililokwisha kufa, nikaishusha.

Redio ya mama mkwe ikakatika katikati ya taarifa. Taa ya ukumbini ikazima. Nikakimbia chumbani, nikajigonga kizingitini. Kabati linawaka. Fundi alisema balbu zilipepesa mara moja tu, kama mtu aliyeingiwa na vumbi, kisha zikaendelea. Feni inaimba. Nikaweka sikio mlangoni mwa kabati, na ndani walikuwa wanagonga maganda yao kama hakuna lililotokea duniani. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo. Nilikuwa nashika ukuta.

"Redio yangu imekufa," mama mkwe akasema mlangoni.

"Redio haimo kwenye inveta, Bibi. Wamo vifaranga tu."

"Kwa nini kuku wamo na mimi simo?"

"Wewe huna ganda, Bibi."

Mama mkwe hali kuku, wala yai. Kwa watu wa rika lake kuku ni ndege tu, kama kunguru. Nilipoanza kazi hii aliniuliza kama nimeshindwa kabisa kupata mbuzi. Sasa yeye ndiye anayefungua kile kidirisha cha kabati kila mara kuchungulia, na akidhani simwoni anaongea nao Kimaasai.

"Rudisha swichi," fundi akasema. "Tuone chaja inavyoshika."

Nikarudisha. Redio ikaamka, taa ya ukumbini ikawaka, lakini ya manjano. Nikarudi mbio. Fundi alikuwa anaitazama inveta, hacheki. Taa ya kuchaji haikuwaka. Inveta ilikuwa inaendelea kula betri wakati umeme wa nguzo upo.

Tukangoja. Hakuna. Akazima, akawasha. Hakuna.

Shemeji akakohoa. "Ndicho nilichokisema," akasema, ingawa hakuwa amesema kitu kama hicho. Akainuka, akamwendea mama yake ukumbini, nikamsikia kwa sauti ya chini ya adabu, "Mama, kusanya vitu vyako pole pole. Gari la kurudi linapita mchana."

Nilisikia fimbo ya mama mkwe ikigonga sakafu mara moja.

"Fundi," nikasema, "usiniangushe leo. Siku nyingine zote niangushe."

"Tulia, Mama Paker." Akachomeka ncha za mita kwenye tundu la ukutani, akasonya. "Umeme mdogo. Mdogo sana. Nani anauvuta?"

Hapo hata mtoto angejua. Chini ya njia kuna mashine ya kusaga, na mwenye mashine ile namtaja kwa kazi yake: ni mtu anayewasha mota kubwa kwenye laini ndogo, na kila akiwasha, balbu zetu zote zinageuka rangi ya uji wa ulezi. Tumemlalamikia mpaka tumechoka. Anajibu, "Basi mle mahindi mabichi."

"Hii inveta imekuja imetegeshwa kwa watu wenye umeme ulionyooka," fundi akasema. "Ikiona umeme dhaifu kama huu inaukataa, inadhani haupo." Akapapasa chini ya sanduku, akapata swichi ndogo kama punje ya mahindi, akaisukuma upande wa pili kwa ncha ya bisibisi.

Kitu kikagonga ndani, tak. Taa ya manjano ikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima.

"Ndiyo hiyo. Inanyonya."

Nikapiga kigelegele mpaka mbwa wa jirani akabweka. Mama mkwe akaja na redio mkononi, akaitazama ile taa ya manjano inavyopepesa, akasema, "Kama ndama kwenye chuchu." Shemeji hakukisifu wala hakukikashifu. Alisema tu, "Tuone itakavyodumu."

"Ndiyo, idumu," fundi akasema. "Iache ichaji kwanza, ipate joto la kazi. Mimi naswali. Tukimaliza kula tunazima tena mara ya mwisho, na hapo nawaachia."

Akatandika mkeka wake nyuma ya nyumba, kwenye nyasi. Mimi nikaingia jikoni kupasha makande, nikicheka peke yangu na sufuria. Mama mkwe akaenda kumpa mwanakondoo wetu mmoja maziwa. Shemeji akabaki kwenye kiti chake karibu na mlango wa chumba. Ukungu ukaanza kushuka kutoka msituni, ule wa Oldeani, unaoingia ndani ya nyumba kama mgeni asiyepiga hodi.

Sijui makande yalikuwa yamefika wapi niliposikia mlio. Mrefu, mkali, haukatiki. Nikaacha mwiko ndani ya sufuria.

Dirisha la chumba lilikuwa limefungwa. Na ukutani sikuiona inveta. Niliona blanketi. Lile zito la sufu, limetundikwa kwenye misumari miwili ya picha, limeifunika inveta yote na kuning'inia mpaka juu ya betri, limefunika na betri. Mlio unatoka chini ya blanketi kama mtu aliyezibwa mdomo. Kabati la vifaranga lilikuwa giza.

Shemeji amesimama kando, mikono imeanguka.

Nilisimama pale kizingitini na miguu haikwenda. Nataka msomaji anielewe hapa. Niliwahi kuvuta blanketi kwenye betri. Huu mkono unaoandika ndio uliovuta. Uso wangu ulianza kuwaka kabla sijafanya lolote, upande wa kushoto wote, mpaka shingoni. Na nyuma ya ule mlio nilisikia, au nilidhani nimesikia, maganda yamenyamaza.

Fundi akaita kutoka kwenye mkeka wake nje ya dirisha, "Kuna kitu kimeziba pua! Mama, kitoe!"

Nikavuta.

Lilikuwa na joto kama mgongo wa ndama aliyelala. Likaanguka miguuni mwangu. Hakuna kilicholipuka. Hakukuwa na weupe. Kulikuwa na sanduku jeupe ukutani, taa nyekundu, na mimi niko mzima mbele yake. Nikafungua dirisha kwa nguvu mpaka komeo likachomoka.

Fundi akaingia peku. Akaizima, akaweka kiganja ubavuni mwake, akatoa haraka. "Imejizima yenyewe kwa joto. Imefanya vizuri, ina akili. Tuiache ipoe." Kisha akaliona blanketi. "Nani kafunika?"

Nilipiga magoti mbele ya kabati nikaweka kiganja kwenye mbao, lilikuwa bado na joto.

"Ukungu ulikuwa unaingia," shemeji akasema mwishowe. "Kitu kipya hakiachwi na baridi. Nimetoa blanketi langu mwenyewe, hamuoni? Mimi mwenyewe natetemeka."

Na ni kweli alikuwa anatetemeka. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Hakufanya kwa ubaya. Hata mara ya kwanza hakufanya kwa ubaya. Ubaya aliufanya baadaye, alipojua, akakubali kijinga cha moto kiwekwe mkononi mwangu.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, chupa ya mwanakondoo bado mkononi. Alitazama blanketi sakafuni. Akatazama dirisha. Akamgeukia mwanawe.

"Na ile betri ya kwanza," akasema, "uliifunika hivi hivi."

"Mama, mambo ya zamani hayo."

"Nilikuwepo. Nilisema mikono yake ilikuwa mitupu. Mkaniambia mwanamke hasemi kikaoni, nikanyamaza. Leo siko kikaoni. Niko nyumbani kwa Paker."

"Mama, sisi tunakuhofia wewe tu. Umeona mwenyewe kimeleta matata. Gari linapita."

"Limpitie aliyelipanda. Nenda kawaambie kweli, kimeleta matata. Na waambie matata yenyewe yalikuja na gari la asubuhi, yamevaa kofia."

Fundi aligeuka ukutani akajifanya anakaza nati. Mabega yake yalikuwa yanacheza.

Shemeji alifungua mdomo, akanitazama, na safari hii alinitazama uso wote, pande zote mbili. Nilidhani atasema kitu. Nilikuwa nimekingoja kitu hicho muda mrefu. Akasema, "Haya, shemeji," akatoka. Hakuomba radhi, na mimi sijasamehe. Naandika kama lilivyo.

Tulisikia geti. Mama mkwe akasema, "Kasahau blanketi lake."

"Nimwite?"

"Liache. Baridi itamkumbusha njia nzima."

Inveta ilipopoa fundi akaiwasha. Mlio mmoja mfupi, taa ya kijani, balbu za kabati zikarudi, feni ikaimba. Taa ya manjano ikaanza kupepesa. Nikaenda ukumbini nikashusha swichi kuu, na safari hii nilisimama nikiitazama kwa jicho langu zima. Redio ikakatika, kabati likaendelea. Tukala makande yameungua chini, tumeizunguka inveta kama watu walioketi na mgonjwa aliyepata nafuu, na ilikuwa inafanya kazi kwa betri muda wote tuliokula na muda wote wa chai. Nikarudisha swichi, ikaanza kuchaji bila kuambiwa. Fundi akasema, "Mama Paker, hii sasa ni yako."

"Sasa," mama mkwe akasema, "naweza?"

Fundi akasimama mbele ya inveta, mikono ameitanua kama kipa. Lakini mama mkwe hakwenda upande ule. Alichovya majani kwenye maziwa, akaninyunyizia mimi. Usoni, upande wa kushoto, kwenye makovu, pole pole, huku akisema maneno yake ya baraka. Maziwa yalikuwa ya baridi. Nililia, naandika hilo pia. Alipomaliza akamrushia fundi kidogo kwenye kofia yake ya kuswalia, na fundi akajibu, "Amina, Bibi, lakini iishie hapo."

Kesho yake hatukujua umeme umekatwa lini. Tulikuwa tumepiga magoti mbele ya kabati tangu asubuhi, maganda yanapasuka moja baada ya jingine, vifaranga wanatoka wamelowa, wabaya kama panya, wanaanguka, wanainuka. Ni mama mkwe aliyeinua kichwa.

"Sikiliza."

"Nini?"

"Mashine ya kusaga imenyamaza."

Nikatazama taa ya ukumbini. Imezima. Nikatazama kabati. Linawaka.

Waliokauka nilikuwa nawahamishia kwenye boksi. Niligeuka kutafuta kitu cha kuwatandikia, nikamkuta mama mkwe ameshalikata lile blanketi kwa kisu cha jikoni, anakitandaza kipande juu yao, mmoja mmoja anamsukuma kwa kidole asibaki nje.

"Hawa," akasema, "ndio wa kufunika."